Mlango wa Wodi ya Wazazi

Wanawake wengine huletewa maua. Wengine huletewa manukato, au pete iliyolala ndani ya kikasha chekundu. Mkunga aliletewa mlango. Tena mlango wenyewe wa pande mbili, uliofungwa kamba juu ya pikapu iliyochoka, ukafunikwa turubai kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali.

Ilikuwa Jumamosi mchana, baada ya usiku wa mvua kubwa. Mkunga alikuwa nyuma ya nyumba yake, amepiga magoti, anapachika vipande vya vigae vya zamani kwenye njia ya bustani, vya bluu kando ya vyeupe, vyeupe kando ya kahawia. Jina hilo la Mkunga hakujipa. Alipewa na mtaa. Kabla ya kustaafu alifanya kazi wodi ya wazazi maisha yake yote ya ujana na utu uzima, na nusu ya majirani walipita mikononi mwake wakiwa hawana nguo. Wanaume wenye ndevu walimwamkia kwa adabu ya watu wanaojua kwamba mama huyu aliwachapa matako kabla hawajajua hata kulia.

Mumewe alikuwa amefariki zamani kidogo, binti yake wa pekee ameolewa, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hiyo "kitu" aliihesabu peke yake na hakumwambia mtu.

Honi ikalia barabarani. Moyo ukamruka kama wa msichana, akaukemea kimoyomoyo: tulia, mama mzima wewe.

Mwenye honi alikuwa Fundi Mabaki. Huyu kazi yake ilikuwa kuwahi. Nyumba ya zamani ikitangazwa kuvunjwa, yeye hufika kabla ya nyundo, akaomba milango, madirisha, nguzo, vigae na chochote ambacho wenye nyumba wamekichoka, akakipeleka kwenye ua wake, akakisugua mpaka kikakumbuka uzuri wake. Mkunga alikwenda kwake mara ya kwanza kutafuta nondo za dirisha la jikoni. Alirudi na nondo, na bafu la chuma lenye miguu kama ya simba, na kicheko kilichomkaa kifuani mpaka alipokwenda kulala. Bafu sasa lilikuwa bwawa la mayungiyungi chini ya ukuta. Beseni la kunawia la hoteli fulani lilikuwa limejaa mnanaa. Kimia cha chuma cha roshani iliyobomolewa kilipandwa na ua la kutambaa mpaka chuma chenyewe hakionekani, na fremu ya dirisha la kanisa kuukuu ilitiwa kioo na kutundikwa ukutani, kwa hiyo ukiingia bustanini ulijiona unakuja.

"Funga macho," Fundi alisema, akichungulia kwenye kona ya nyumba. Alikuwa mwanaume mrefu, mwenye mvi za upande mmoja, na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Nifunge macho na vidole vina simenti? Nikijikuna je?"

"Basi geuka tu, Mkunga. Usiwe na maneno mengi leo."

Akageuka. Alisikia miguno, akasikia kamba zikifunguliwa, akasikia Fundi na dereva wa pikapu wakihesabu pumzi na kubeba kitu kizito, kisha dereva akaaga na gari likaondoka.

"Haya. Tazama."

Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, pande zote mbili. Rangi ya maziwa iliyobanduka. Kila upande una kioo cha duara kama jicho. Na chini ya vioo, vibati vya shaba vilivyolika upande mmoja, pale ambapo muuguzi mwenye mikono iliyojaa husukuma kwa nyonga.

Mkunga hakuhitaji kuambiwa. Alisogea, akaweka nyonga yake palepale kwenye shaba, ikakaa kama ufunguo kwenye kitasa chake.

"Wodi yangu," alisema, sauti ikimtoka nusu.

"Wamehamia jengo jipya. Lile la zamani wameanza kulivunja juzi. Msimamizi akaniuliza kama nataka madirisha, nikamwambia siku nyingine. Leo nataka mlango huu tu."

"Ulijuaje?"

"Uliniambia mwenyewe. Siku ile tunapanda mnanaa. Ukasema katika kazi yako yote hakuna unachokikumbuka kama sauti ya mlango huu ukijifunga nyuma yako asubuhi, ukijua kuna mtu mpya duniani na wewe ndiye wa kwanza kumwona."

"Mimi nilisema maneno hayo?"

"Ulisema, ukaendelea kuchimba. Mimi ndiye niliyeacha kuchimba."

Wakatazamana. Mkunga alikuwa amewatazama wanaume wengi machoni, lakini wale walikuwa wanatetemeka nje ya leba na kuuliza ni mvulana au msichana. Huyu hakuuliza kitu. Alimtazama taratibu kama anavyotazama mbao nzuri kabla hajaigusa. Kisha akauchukua mkono wake wenye simenti, akaanza kuufuta kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja, na Mkunga akamwachia.

"Nimefikiria pa kuuweka," Fundi alisema polepole, hajauachia mkono. "Mlango wako wa mbele unakutesa. Mvua ikinyesha unavimba. Juzi nilikusikia unaupiga teke."

Mkono wa Mkunga ukajikunja.

"Ule ni mlango wa marehemu."

"Najua."

"Kama unajua, usiuguse."

"Sijaugusa. Nimeuliza tu."

"Usiulize pia."

Mkunga akauvuta mkono wake. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameogopa, na hata yeye hakujua ameogopa nini. Katika bustani alikuwa amemruhusu Fundi kuhamisha kila kitu, mawe, maua, hata kamba ya kuanikia nguo. Lakini kizingiti cha mbele kilikuwa kama mstari uliochorwa, na sasa mtu alikuwa ameukanyaga kwa ncha ya kiatu.

Kabla hawajapata neno jingine, viatu vya kisigino vilisikika vikija kwenye njia ya vigae. Alikuwa binti yake, mfamasia, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo. Alikuja na mkoba begani na uso wa mtu aliyekuja na habari njema, lakini habari ile ilikufa alipoona mama yake, fundi, na umbali mdogo uliokuwa kati yao.

"Mama. Hii nini?"

"Mlango."

"Naona ni mlango. Umetoka wapi?"

"Hospitali."

"Hospitali? Unaumwa?"

"Mtu akiumwa anapewa dawa, Chiriku, hapewi mlango. Wewe mfamasia unalijua hilo."

Fundi akacheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Chiriku akamgeukia.

"Wewe ndiye umeuleta?"

"Ni mimi, mwanangu. Ni zawadi ya mama. Nilikuwa naulizia tu kama unaweza kukaa mbele, maana ule uliopo..."

"Ule uliopo ni wa baba yangu."

"Nimeambiwa, na nimeelewa."

"Hujaelewa. Kila nikija hapa naona kitu kipya cha kwako na kitu kimoja cha baba kimepungua. Kiti chake kiko wapi? Ile rafu ya jikoni iko wapi?" Sauti yake ilianza kupanda na kupasuka. "Fundi, wewe umezoea kuingia nyumba za watu zikishakufa. Hii haijafa. Aliyekufa ni baba."

Fundi Mabaki hakumjibu Chiriku. Alimtazama Mkunga, akangoja. Hakuwa anangoja mengi. Neno moja tu lingetosha, hata "subiri", hata "jamani". Mkunga alifungua mdomo. Mwanamke aliyewahi kuwafokea madaktari wakati wa hatari, aliyewahi kuwatoa nje kwa masikio waume waliolewa, alifungua mdomo wake na hakikutoka kitu.

Fundi akaokota nyundo yake, akakunja turubai pembe kwa pembe.

"Mlango utabaki," alisema kwa upole. "Hata ukiamua kuutia moto jikoni, ni wako. Kwaherini."

Akaenda kwa miguu, kwa kuwa pikapu ilishaondoka, na turubai begani.

Ndani, Chiriku alichemsha chai kwa kugonganisha kila sufuria iliyokuwa jikoni. Akaweka vikombe mezani, akakaa, akavuta pumzi.

"Nilikuja kukwambia chumba chako kimekwisha. Kule kwangu. Tumekipaka rangi unayoipenda."

"Rangi gani?"

"Ya maziwa."

"Nani alikwambia naipenda rangi ya maziwa? Nimeamkia kuta za rangi ya maziwa kazini mpaka nikastaafu. Ningekuwa na uwezo ningepaka nyumba hii nyekundu kuanzia bati."

"Mama, mimi naongea mambo ya maana."

"Na mimi naongea ya maana. Hukuniuliza rangi. Hukuniuliza kama nataka kuhama. Umekuja na chumba mkononi kama unaniletea dawa, meza tembe hii mama, asubuhi na jioni."

Chiriku alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Akakizungusha.

"Huwa nakufikiria usiku," alisema hatimaye. "Uko peke yako humu."

"Niko peke yangu, ndiyo. Nimewapokea watoto wa mtaa huu wote, mwanangu. Kila aliyekuja duniani nilimpokea. Lakini jioni nikifungua mlango ule, mimi hanipokei mtu. Naweka mkoba, nawasha taa, naiuliza redio habari za kutwa. Halafu akatokea mzee mmoja na bafu lenye miguu."

"Unampenda?"

"Nilikuwa sijaulizwa."

"Nakuuliza."

Mkunga akanywa chai. Ilikuwa ya moto, ikamchoma, akashukuru kupata sababu ya macho kulengalenga.

"Nampenda. Haya, umeshasikia. Kunywa na wewe."

Chiriku aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Alipozungumza, sauti ilitoka chini kama ya mtoto. "Na baba?"

"Baba yako sikumpenda kwa ajili ya mlango. Kiti chake kipo kwa fundi, kimevunjika mguu, nimeomba kitengenezwe. Rafu ililiwa na mchwa, ungekuja siku ile ungeona wenyewe wanavyotembea. Na huo mlango unaoupigania, unajua historia yake?"

"Aliuchagua mwenyewe. Alikuwa anaupenda."

"Anaupenda!" Mkunga akapiga meza kwa kiganja. "Aliununua kwa pupa kwa sababu wewe ulikuwa njiani na nyumba haina mlango. Kuufikisha hapa, mkubwa kuliko fremu. Kila masika anaupiga randa, na kila akiupiga randa anautukana. Baba yako alikuwa mtu mpole, hajawahi kumtukana binadamu, lakini mlango ule! Matusi yako ya kwanza ulijifunza hapo. Ukaenda nayo shule ya chekechea, nikaitwa na mwalimu."

Chiriku alibana midomo asicheke. Alisimama haraka, akachukua mkoba. "Nakwenda. Watoto wananingoja." Akaenda sebuleni, akashika mpini wa mlango wa mbele, akavuta.

Mlango ulikuwa umekunywa mvua ya usiku mzima. Haukutikisika.

"Uinue kidogo kisha uvute," Mkunga alisema nyuma yake.

"Nauinua!"

"Uinue kwa bega."

"Mama, nimekulia kwenye nyumba hii, naujua mlango wetu!"

Akatia bega, akatia goti. Mkunga akamshika kiunoni, wakavuta pamoja kama wanaotoa gari kwenye matope. Mpini ukachomoka na skrubu zake, wote wawili wakaanguka kwa makalio kwenye zulia, Chiriku ameushika mpini hewani. Kutoka kinywani mwa mfamasia huyo, mama wa watoto, likatoka tusi moja zito la zamani, neno kwa neno kama alivyolisema marehemu.

Kisha Chiriku akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalala chali, na kucheka kukageuka kilio katikati, na mama yake akamvuta kichwa akakilaza mapajani, akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza. Alijua kilio kipi kinahitaji kunyamazishwa na kipi kinahitaji nafasi.

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na bustani yote ilikuwa imelowa na kung'aa. Chiriku alikuwa amezoea kupita pale akiangalia simu. Safari hii simu ilikuwa ndani ya mkoba, na macho yalikuwa yameoshwa. Aliona mayungiyungi kwenye bafu. Aliinama akanusa mnanaa. Alikanyaga kigae cha bluu, akakiruka cheupe, akakanyaga cha bluu kingine, kama watoto wanavyofanya.

"Haya yote mmefanya wenyewe?"

"Yeye anabeba, mimi naamuru."

Akajiona kwenye kioo cha dirisha la kanisa, akapangusa wanja uliomwagika. Kisha akafika kwenye mlango wa wodi, akasimama.

"Kwa nini mlango wa hospitali, mama? Kweli kabisa. Si angeleta hata mauaridi?"

"Huu ulikuwa mlango wa wodi ya wazazi. Yeye aliuleta kwa ajili ya kazi yangu. Kuna jambo jingine halijui, sikuwahi kumwambia." Mkunga alisogea karibu. "Siku moja nilipita hapa nikiwa nimelala kwenye machela, sikuwa na sare. Baba yako akazuiwa nje. Wanaume walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Basi akasimama hapa, kwenye jicho hili la kulia, akabandika pua kwenye kioo. Sista mkuu akamfukuza. Akarudi. Sista akabandika gazeti kwenye kioo. Akahamia jicho la kushoto."

Chiriku alikuwa amekiwekea kioo kile kiganja.

"Ulipolia mara ya kwanza, akausukuma mlango kwa nguvu, ukampiga sista mkuu akaangukia toroli la vyombo. Nilimsikia baba yako anaomba radhi na kuuliza papo hapo, 'Samahani, sista, samahani sana, ni mzima? Mtoto ni mzima?' Wakashindwa kumfukuza tena."

Chiriku aliinama, akachungulia kupitia duara lile la kioo. Upande wa pili hakukuwa na wodi. Kulikuwa na ukuta uliolowa na majani yakidondosha maji. Hata hivyo alichungulia muda mrefu.

"Alisimama hapa," alisema.

"Hapohapo."

"Na mimi nimemwambia mzee wa watu maneno mabaya."

"Umemwambia. Na mimi nimenyamaza, jambo baya zaidi, kwa sababu wewe alikuwa hakutegemei kitu."

"Mpigie simu."

"Haya siyo maneno ya simu."

Chiriku akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akatoa ufunguo wa gari. "Basi kesho asubuhi nakuja kukuchukua. Vaa vizuri. Siyo hilo gauni la simenti."

Asubuhi Mkunga alivaa gauni la zambarau ambalo lilikuwa limekaa kabatini likingoja harusi ya mtu. Njia nzima hakusema neno, na Chiriku, kwa kumhurumia, alisema peke yake. Walipofika kwenye ua wa Fundi Mabaki, Chiriku alizima gari nje ya geti.

"Nenda. Mimi nangoja hapa. Radhi zangu nitaomba ukimaliza za kwako."

Ndani ya ua, milango ilikuwa imesimama safu kwa safu, mirefu na mifupi, ya majumba ya matajiri na ya vyoo vya shule, yote imefungwa na hakuna inayofunga chochote. Ngazi ya chuma ya kuzunguka ilipanda hewani ikaishia hapo. Fundi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bafu jingine la chuma, anapiga msasa mguu wa kiti. Mkunga alikitambua kiti: kilikuwa cha marehemu.

"Kiti chako kitakuwa tayari jioni," Fundi alisema bila kuinua kichwa. "Nitampa dereva akuletee."

"Sikufuata kiti."

"Leo siuzi, Mkunga. Jumapili."

"Nisikilize kwanza. Jana ulinitazama ukitaka neno moja nikakunyima. Nililikosa. Nilishikwa na woga kama mzazi wa mimba ya kwanza. Naomba unisamehe."

Msasa ukasimama.

"Mimi sikukasirika," alisema. "Niliumia, hilo ni jingine. Unajua mke wangu aliniacha. Alisema amechoka kuishi kama yuko stesheni, kila siku vitu vinashuka na kupanda. Toka hapo nikajiambia, sitaingia kwa mtu mpaka nijue naingia kwa ridhaa ya wenyewe wote. Jana niliona sijafika huko. Nikasema nirudi kwenye milango yangu, hii hainifukuzi."

"Wenyewe wote wako hapa. Mmoja yuko nje ndani ya gari, ameniambia nivae vizuri."

Fundi akainua macho. Akaliona gauni la zambarau, akayashusha, akayapandisha tena polepole zaidi.

"Umevaa vizuri," alikiri.

"Na mlango wa mbele uje uutoe. Jana mlango huo ulitufungia ndani na kutuangusha chini. Chiriku anataka uwe meza, tuiweke bustanini. Lakini mimi nimekuja kutafuta kitu kingine, na kama huuzi Jumapili, nipe bure."

"Unataka nini? Nguzo?"

"Mume."

Fundi Mabaki alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mguu wa kiti ukamponyoka, ukaingia ndani ya bafu kwa kishindo kilichowarusha njiwa wote waliokuwa juu ya ngazi. Aliusafisha uso kwa kiganja chenye unga wa mbao, akazidi kuuchafua.

"Hapa kwangu," alisema alipopata sauti, "kila kilichopo kimetumika."

"Na mimi sijatoka dukani leo."

"Kina kasoro. Kinakoroma."

"Nimekesha zamu za leba. Kwangu mimi kukoroma ni upepo tu."

"Kinaokota kila kitu. Hata msumari uliopinda."

"Utautunza nje ya chumba cha kulala. Hilo nakwambia mapema."

Alisimama. Aliikanyaga misumari, akazipita mbao, akaja mpaka alipokuwa Mkunga, akasimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi. Alitaka kumshika, akaitazama mikono yake, akaitazama rangi ya gauni, akasita. Mkunga akaichukua ile mikono yote miwili, na vumbi lake, akaiweka kiunoni mwake mwenyewe, moja huku, moja kule. Fundi akafumba macho. Alimwegemezea paji la uso kwenye paji lake, na wakakaa hivyo katikati ya milango ya watu, mpaka Mkunga alipohisi mabega ya mzee huyo yanatikisika, na hakujua kama ni kicheko au ni kilio, naye hakuuliza.

Honi ikapigwa nje, ndefu isiyo na haya.

"Mama!" Chiriku alipaza sauti kutoka dirishani. "Amekubali, au niingie mimi?"

"Amekubali!" Fundi alijibu mwenyewe.

Chiriku alishuka akaja getini. Alisimama mbele ya Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitafuta maneno. "Nilikukosea," alisema. "Nilikuwa namlilia baba kwa kukupiga wewe."

"Mtoto wa mtu mwema humlilia baba yake," Fundi alisema. "Ningekushangaa usingemlilia."

"Basi twende ukanywe chai. Nitaipika mimi. Mama alisema ya jana ilikuwa na kelele."

"Sijaoga. Nina vumbi."

"Gari linaoshwa. Panda."

Alipanda nyuma, magoti yamemfika kidevuni, akiwa ameinua mikono asishike viti. Mkunga alikaa mbele. Chiriku akawasha gari, akaangalia kwenye kioo cha juu, akamwona mzee ameketi wima kama mwanafunzi siku ya kwanza ya shule.

"Baba, funga mkanda," alisema.

Neno lilimponyoka au alilikusudia, hakuna aliyemuuliza. Fundi alivuta mkanda, akatafuta tundu lake, akalikosa, akalitafuta tena. Mikono iliyowahi kutoa madirisha ya vioo vya rangi bila kuvunja hata kimoja ilishindwa na mkanda wa gari. Mkunga akageuka kwenye kiti chake, akanyoosha mkono nyuma, akamfungia.